Tangazo la Jumapili ya Tatu

Simu ilitetema ndani ya mkoba wa Notburga wakati Padre ndiyo kwanza anamaliza kulitaja jina lake.

"Kwa mara ya kwanza," Padre alikuwa anasoma kwenye karatasi, "wanatarajia kufunga ndoa takatifu Hamphrey wa Othmar Nombo na Notburga wa Pankras Kinunda. Mwenye kufahamu kizuizi chochote kati yao anapaswa kumweleza Paroko."

Watu walikohoa, wakageuka, wengine wakapigana viwiko. Na walikuwa na haki yao. Mjini Mbinga hata mtoto wa chekechea anajua kwamba akina Kinunda wanakaa mabenchi ya kulia na akina Nombo ya kushoto, na wakati wa kutakiana amani hakuna anayevuka njia ya katikati. Baba za maharusi hawa, matajiri wawili, wana mitambo ya kumenya kahawa kwenye mto mmoja kule Kingerikiti, Mzee Pankras juu, Mzee Othmar chini, na kila msimu wanapelekana ofisi ya kata kwa ajili ya maji. Lakini maji yalikuwa kisingizio tu. Miaka ishirini na sita iliyopita, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, breki za lori la Othmar zilikatika, na Othmar mwenyewe akiwa kwenye usukani akamgonga Joakim, kaka yake Pankras, akamuua. Mahakama ilimwachia. Pankras hakumwachia.

Burga, kama wote walivyomwita, alivumilia mpaka misa iishe. Akajibanza nyuma ya ofisi ya parokia, akafungua ujumbe. Namba ilikuwa ngeni.

"Ya kwanza imepita, zimebaki mbili. Muache huyo kijana wewe mwenyewe. Usipomuacha, Jumapili ya tatu nitasimama mbele ya watu niseme ninachokijua."

Alisoma mara tatu. Uwanjani watu walikuwa wamemkonyeza na kumpa mikono ya pongezi, na mmoja wao, mmoja katika hao hao wanaocheka, ndiye aliyeandika. Alipiga ile namba. Haikupatikana.

Mchana ule ule yeye na Hamphrey walikutana Kingerikiti, kwenye meza za kuanikia kahawa za Mzee Pankras, ambazo Burga ndiye msimamizi wake. Jumapili hakuna vibarua, alikuwepo mlinzi tu, naye alikuwa na redio yake. Wapenzi hawa walijuania hapo hapo. Hamphrey alipanda siku moja kuja kulalamika kwamba maji machafu ya maganda yanashuka kwenye mtambo wa baba yake. Burga akamwonyesha mashimo ya kuchujia, akamweleza, akamsindikiza. Wiki hiyo kijana alipanda kulalamika mara nne. Mara ya nne hakutaja maji kabisa.

Siku hii Hamphrey aliusoma ujumbe akiwa amesimama, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Anajua nini huyu?"

"Mimi nitajuaje? Mimi sina mume, sina mtoto, sijawahi hata kuchumbiwa. Wewe je?"

"Mimi nina wewe na malori mawili mabovu."

Burga hakucheka. Hamphrey akavua kofia, akasema basi kazi ndogo, aiweke hiyo namba kwenye kutuma pesa. Hapa kwetu kila mtu anaujua ujanja huo. Unajifanya unamtumia mtu elfu moja, na kabla hujaweka namba ya siri simu yenyewe inakutajia jina la mwenye laini. Burga alikuwa anaujua vizuri, tena alishawahi kumkamatia shoga yake mwanaume muongo kwa njia hiyo hiyo. Lakini alimnyang'anya Hamphrey simu.

"Na likitokea jina la baba?"

Swali halikuwa la kijinga. Mzee Pankras alikuwa ameikubali ndoa hii baada ya Padre kumfuata mwaka mzima, na alikubali kwa sharti, alilolitoa mezani mbele ya mkewe na binti yake.

"Nimekubali," alisema siku ile. "Ila likitokea neno la aibu, neno moja tu, kabla ya matangazo kuisha, harusi hakuna. Na mtu wa humu ndani atakayekuwa amelificha neno hilo, atafute pa kuishi."

Mzee Pankras si mtu wa kusema halafu akasahau. Kwa hiyo Burga alikuwa amebanwa pande mbili. Akimwambia baba, ndoa imekufa. Akinyamaza, kuna mtu anahesabu Jumapili. Waliagana wakiwa wamekubaliana kusubiri, maana mtu mwenye hofu huona kusubiri ni kazi nyepesi kuliko zote.

Katikati ya wiki ile Burga alishindwa kula. Mama yake, Hildegardi, mwanamke mpole ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alimfuata chumbani, akamkalisha kitandani na kumuuliza kinachomsumbua. Burga akapasuka. Akamwonyesha mama ujumbe, akalia mapajani kwake mpaka kitenge kikalowa. Mama alikuwa anampapasa kichwa, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "kama kuna mtu anajua jambo, si uachane na ndoa hii tu? Wanaume wako wengi. Hakuna atakayekulaumu."

"Mama, nampenda."

"Najua unampenda." Akageukia mlango. "Baba yako asisikie habari hii. Unanielewa? Asisikie hata kidogo."

Jumapili ya pili Burga alikwenda kanisani akiwa na baridi isiyo ya hali ya hewa, ingawa Mbinga mwezi wa saba baridi ni ya kutosha. Alikaa benchi la kulia akichunguza mikono ya watu, nani ameshika simu, nani hajashika. Padre akasoma kwa mara ya pili. Hakuna aliyesimama. Othmar alikuwa upande wake wa kushoto, mzee mrefu, kichwa ameinamisha. Hamphrey alikuwa pembeni yake na alimtupia Burga tabasamu ambalo halikufika popote.

Ujumbe wa pili uliingia saa nane mchana.

"Hiyo ni ya pili. Wewe hujui huyo kijana ni nani kwako. Usinilazimishe."

Ni nani kwako. Maneno hayo matatu yaliingia kichwani mwa Burga yakakataa kutoka. Alikwenda kwenye kioo. Alikuwa na paji pana la uso, na Mzee Othmar ana paji pana. Alikuwa mrefu, na kwao watu wote ni wafupi. Alifungua picha za Hamphrey kwenye simu, akazikuza, akaanza kulinganisha masikio.

Jumanne Hamphrey alimpitia mjini. Alipotaka kumshika mkono, Burga aliuvuta.

"Mbona unanikwepa?"

"Hamphrey, baba yako kabla sijazaliwa mimi, alikuwa mtu wa wanawake?"

Kijana alimwangalia mpaka alipoelewa. Rangi ikambadilika.

"Burga, hilo unalotaka kusema, usiliseme."

"Mama yako alifariki siku uliyozaliwa wewe. Mimi nimezaliwa wiki hiyo hiyo. Hakuna anayesimulia habari za siku zile, si kwenu, si kwetu. Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yangu aliua mtu wiki hizo hizo na alikuwa rumande. Hiyo inatosha watu kunyamaza." Akashusha pumzi. "Weka namba. Tujue moja."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Weka."

Hakuiweka. Aliiweka Alhamisi, peke yake, amejifungia stoo kati ya magunia, baada ya siku mbili za kutazama masikio. Aliandika namba, akaandika elfu moja, akabonyeza, akafumba macho. Alipofumbua, kioo cha simu kilikuwa kinamuuliza kama ana uhakika wa kutuma shilingi elfu moja kwa HILDEGARDI BEDA MBUNDA.

Alisoma jina la mama yake zaidi ya mara kumi.

Maskini Mama Hildegardi. Alikuwa amenunua laini mpya sokoni, akaweka kidole gumba kwenye mashine ya usajili kama kila mtu, akatoka hapo akiamini kwamba namba mpya ni mtu mpya. Wakala, kwa kutaka kamisheni yake, akamfungulia na akaunti ya pesa bila hata kumuuliza.

Burga alimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Baba alikuwa mtamboni, nyumba ilikuwa kimya. Alimwekea simu juu ya maharage.

Mama aliangalia. Mikono ilisimama.

"Nililia mapajani kwako," Burga alisema. "Nilikuonyesha maneno uliyoandika wewe, ukanipapasa kichwa."

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai. Mzee Othmar ni baba yangu?"

"Mungu wangu. Hapana."

"Mama, niambie ukweli. Nimekaa siku nne naangalia uso wangu kwenye kioo."

"Hapana, Burga. Wewe ni mtoto wa Pankras, sijawahi kumjua mwanaume mwingine." Mama alishika ukingo wa ungo kwa mikono miwili. "Hamphrey ndiye niliyemnyonyesha."

Burga akakaa. Mama akaanza kusimulia, kwa sauti ndogo, macho yakiwa mlangoni.

Joakim alikuwa hajamaliza wiki mbili kaburini. Pankras alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba mtu wa nyumba yake atakayempa mtu wa Othmar hata kikombe cha maji, huyo amejifukuza. Hildegardi akaenda kujifungua hospitali ya misheni kwa upasuaji, na kidonda kikagoma kupona. Kitanda cha pili alilazwa Edina, mke wa Othmar, mumewe akiwa rumande. Edina alijifungua mtoto wa kiume na hakuiona asubuhi. Ndugu zake walikuwa mbali, kule Lundo ziwani, na barabara ya siku zile mvua ikinyesha haikupitika.

"Yule mtoto alilia siku mbili. Sista alikuwa anampa maji ya sukari kwa kijiko, anayatema. Mimi nimelala pale, maziwa yanachuruzika mpaka kwenye shuka. Siku ya tatu nikamwambia Sista, nipe. Nikawa nakuweka wewe huku, yeye huku. Siku kumi na tisa. Baba yako akija jioni kunitazama, Sista anamwondoa mtoto wa Edina haraka anampeleka chumba kingine. Nilikuwa nikisikia viatu vya baba yako kwenye korido, moyo unataka kutoka."

"Na Mzee Othmar?"

"Alipotoka rumande nilikuwa nimerudi nyumbani. Sista nilimwapisha. Naye akamwambia Othmar tu kwamba kuna mama mmoja alijitolea. Ndiyo maana kila mwaka, siku ya kuzaliwa Hamphrey, Othmar analeta nia ya misa kwa ajili ya mama asiyejulikana aliyemnyonyesha mwanawe. Padre anasoma. Nimekaa benchi lile na baba yako miaka yote hiyo, nasikia naombewa, naangalia chini."

Burga alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alitaka kucheka. Kumbe ni hivyo tu. Akasema hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, siyo la kutishia watu. Mama akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Hujui usemalo. Bibi yangu kule Kigonsera alitufundisha, watoto walionyonya pamoja ni wa tumbo moja. Wakioana, watoto wao hawafiki kutambaa. Nilimwona kwa macho yangu mwanamke aliyezika watatu. Nizike wajukuu zangu watatu, Burga, na nijue ni mimi niliyewaua?"

"Ulimuuliza Padre?"

"Nimuulize vipi bila kusema? Nikisema, baba yako atajua. Nimeishi naye miaka ishirini na nane. Ninaijua sauti yake akisema tafuta pa kuishi." Sasa alikuwa analia. "Nilidhani ukiogopa vya kutosha utaacha wewe mwenyewe, na hakuna atakayejua. Nisamehe."

Burga alimwangalia mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne, mwenye mvi zilizotoka kwenye kilemba, na hasira yote ikamwishia bila kutaka. Alikuwa na mambo mawili mkononi, mwanaume anayempenda na nyumba ya mama yake, na hakuweza kushika yote mawili, kwa kuwa akiolewa mama angesimama aseme, na akisema angefukuzwa. Usiku huo hakulala. Ijumaa hakulala pia. Jumamosi alikwenda kwa Paroko na kumwambia tangazo la tatu lisisomwe, amebadili mawazo. Padre alimuuliza sababu mpaka akachoka. Burga akamtumia Hamphrey ujumbe mmoja: "Nisamehe. Tusioane. Usiniulize kitu, nitashindwa kujibu." Kisha akazima simu.

Nyumbani alimwambia mama tu. Mama akamshika mkono na kuubusu.

Jumapili ya tatu akina Nombo walijaa kutoka ziwani, mabasi mawili, wanawake wamevaa sare tayari maana kwao tangazo la mwisho ni sikukuu. Hamphrey alikuwa hajamwambia baba yake. Alikuwa ameamua kutoamini ule ujumbe mpaka asikie kwa masikio yake. Padre akasoma matangazo: kikao cha jumuiya, mafundisho ya kipaimara, ndoa ya fulani na fulani. Akakunja karatasi.

Minong'ono ikaanza upande wa kushoto, ikavuka hadi kulia. Mzee Pankras alimgeukia binti yake polepole. Na Hamphrey akasimama.

"Padre, sisi hujatusoma."

"Hamphrey, njoo ofisini baada ya misa."

"Padre, naomba nisikie hapa." Akageukia upande wa kulia. "Burga, nimekosa nini? Niambie mbele ya watu, nitakubali."

Burga aliangalia magoti yake. Machozi yalikuwa yanadondokea kitabu cha nyimbo na hakuwa na namna ya kuyaficha. Aliomba ardhi ipasuke. Alimsikia baba yake akisema kwa sauti ya chini kabisa, ile mbaya, "Kuna neno gani hapa?"

Ndipo aliposikia benchi likilia. Mama yake alikuwa amesimama.

Alisimama vibaya, ameshikilia benchi la mbele, kilemba kimekwenda upande. Kanisa zima lilimsubiri mwanamke ambaye hawajawahi kumsikia akiongea hata kwenye jumuiya.

"Huyu mtoto hajakosa," alisema. "Na Burga hajabadili mawazo. Mimi ndiye niliyemtisha. Kizuizi ninacho mimi."

"Hildegardi, kaa," Pankras alisema.

"Sikai, baba Burga. Leo nisamehe." Akageukia altare. "Padre, Edina alipofariki, mimi ndiye niliyemnyonyesha huyu kijana. Siku kumi na tisa, pamoja na Burga. Wamenyonya titi moja. Sikutaka wazae watoto wa kufa. Hicho ndicho kizuizi."

Padre alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, ni hicho tu?"

"Ni hicho, Padre."

"Hicho siyo kizuizi, mama yangu. Kanisa halina kizuizi cha maziwa, na daktari atakwambia hivyo hivyo. Hao watoto wako huru."

Hildegardi alimwangalia kama aliyeambiwa kwamba mzigo aliobeba kichwani miaka ishirini na sita ulikuwa ungo mtupu. Upande wa kushoto, Mzee Othmar alikuwa ameinuka nusu, mkono mdomoni, hawezi kusimama wala kukaa. Lakini Burga hakuwa anamwangalia Othmar. Alikuwa anamwangalia baba yake, aliyekwisha kutoka benchini na kuelekea mlangoni bila kupiga goti.

Burga na mama yake walimkuta kwenye gari, injini inanguruma. Hamphrey aliyekuwa anawafuata aliinuliwa kiganja na Pankras kutoka dirishani, akasimama pale pale.

"Mama Burga, ingia," Pankras alisema.

Hildegardi akaingia mbele. Burga naye akajitosa kiti cha nyuma bila kuambiwa, maana hakuwa tayari kumwacha mama yake peke yake na mtu huyu. Gari liliondoka. Lilifika njia ya kwenda nyumbani, halikukata kona. Mama alifunga macho. Njia hiyo ikiendelea inakwenda Kigonsera, kwa wazazi wake, na mwanamke anayerudishwa kwao Jumapili mchana kila mtu anamwona.

"Nguo zangu utanitumia?" aliuliza, kwa upole kabisa.

Pankras aliongeza mwendo. Aliendesha mpaka nje ya mji, mahali penye mashamba ya kahawa pande zote mbili, akasimamisha gari, akazima injini. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Kaka yangu alikuwa na siku ngapi kaburini?"

"Kumi na tatu."

"Mimi nilikataza maji. Wewe ukatoa maziwa."

"Ndiyo."

"Mtoto alikuwa analia?"

"Siku mbili. Mwishoni alikuwa halii tena, anafungua mdomo tu."

Burga, nyuma, alikuwa amekamata kitasa cha mlango, tayari kwa lolote.

"Kila mwaka naisikia ile nia ya misa," baba yake alisema hatimaye, na sauti haikuwa ile mbaya, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nilikuwa nasema moyoni, huyo mwanamke ana moyo wa ajabu, kumlisha mtoto wa mtu kama yule. Nimemsifu miaka yote hiyo. Kumbe nimekaa naye benchi moja, na ananiogopa." Akageuka kumtazama mkewe. "Uliogopa nitakufanya nini, Hildegardi?"

"Ulisema nitafute pa kuishi."

"Nilisema." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Joakim angekuwa hai angesemaje?"

Mama Hildegardi alifikiri. Kwa mara ya kwanza siku ile alithubutu kumwangalia mumewe usoni.

"Angenigombeza kwa nini nilisubiri siku mbili."

Mzee Pankras alitoa sauti ambayo Burga alidhani ni kikohozi. Kisha aliona mabega ya baba yake yanatikisika, na mkono wa mama ukienda begani pake, kwa woga, ukatua, ukaachwa hapo. Burga alifungua mlango akatoka nje, akalia peke yake kati ya mibuni, kilio kikubwa cha mtu aliyekuwa anaogopa wiki mbili mfululizo na sasa hajui hofu aiweke wapi. Alipowasha simu, Hamphrey alikuwa amepiga mara thelathini na moja. Alipiga yeye.

"Burga, uko wapi? Wamekufanya nini?"

"Niko salama. Nenda kwa Padre. Mwambie Jumapili ijayo asome."

Padre alisoma. Harusi ilikuwa mwishoni mwa Agosti, ukumbini mjini Mbinga, mbasa, samaki wa ziwani, kwenye meza moja na maharage ya Wamatengo wa milimani kwenye nyingine. Wazee wawili walipeana mikono mbele ya watu, kwa ukavu, kama waliopeana kuni. Usitegemee zaidi kwa siku moja. Ukumbi ulipangwa kama kanisani, Kinunda kulia, Nombo kushoto, na kwenye meza ya wazazi ya kushoto Mzee Othmar alikaa pembeni ya kiti kitupu, kiti cha Edina.

Muda wa keki ukafika. Burga na Hamphrey walikwenda kwanza kulia, wakapiga magoti, wakawalisha Mzee Pankras na Mama Hildegardi. Watu wakapiga vigelegele. Kisha wakainuka kwenda kushoto, na mshereheshaji, ambaye hakujua historia ya watu, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba sasa ni zamu ya baba na mama mzazi wa bwana harusi. Ukumbi ukapoa. Hamphrey alisimama katikati na sahani yake, akiangalia kile kiti.

Mama Hildegardi alihisi kiwiko kikimgusa ubavuni.

"Nenda," Pankras alimwambia bila kumtazama.

"Niende wapi?"

"Kule. Utamwacha mtoto amesimama na keki mpaka lini?"

Alivuka njia ya katikati peke yake, gauni lake la upande wa bibi harusi likionekana na watu wote, hadi upande wa Nombo. Mzee Othmar aliinuka, akamvutia kile kiti kwa mikono miwili. Hamphrey akapiga magoti. Akataka kusema kitu, akashindwa, akafungua tu mdomo. Mama Hildegardi akamshika kidevu.

"Lete, mwanangu," alisema. "Leo zamu yako kunilisha."